Mlinzi Aliyeondoka na Funguo: Kuitengeneza Kompyuta Baada ya Kingavirusi Kung'olewa Vibaya

Watu wengi hudhani kwamba kuiondoa programu katika kompyuta ni sawa na kuichana barua. Barua ikichanwa imekwisha. Haiachi shimo mezani. Dhana hii haina madhara kwa programu nyingi za kawaida, kama vile zile za kuandikia, za kuchorea au za kusikilizia muziki. Lakini iko aina moja ya programu ambayo dhana hiyo haiifai hata kidogo, nayo ni ile ya kukinga virusi, ambayo mitaani huitwa antivairasi, na ambayo katika makala haya tutaiita kingavirusi. Programu hii ikiondolewa nusu nusu, kompyuta huweza kupoteza mtandao, au kibodi, au hata ikakataa kuwaka kabisa, ilhali hakuna hata kipande kimoja cha umbo lake kilichoharibika. Mwenye mali huambiwa na fundi kwamba mazabodi imekufa, au kwamba hapana budi "kupiga Windows" upya, yaani kuifuta diski yote na kuanza tena. Aghalabu kauli zote mbili si za kweli.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini mambo huwa hivyo, kwani mtu asiyejua mlinzi amesimama wapi hawezi kujua ameacha wazi mlango gani.

Kirusi na mwamuzi asiyewezekana

Wazo la programu inayojizalisha si geni. Mwanahisabati John von Neumann alilishughulikia kinadharia mapema, na kazi yake juu ya mitambo inayojizalisha ilichapishwa mwaka 1966, baada ya kifo chake. Lakini aliyeifanya kazi hiyo kuwa jambo la maabara ni Fred Cohen, ambaye mwaka 1983, alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, aliandika programu fupi iliyojinakili ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza jina la kirusi. Mwaka 1986 kikatokea kirusi kilichoitwa Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistani, na kusafiri duniani kwa njia ya diski laini zilizokuwa zikipeanwa mkono kwa mkono.

Kwa mwanafunzi wa hisabati, jambo kubwa zaidi katika kazi ya Cohen si kile kirusi chenyewe bali ni uthibitisho wake kwamba haiwezekani kuandika programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Hoja yenyewe ni fupi, na mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Tuchukulie kwamba mwamuzi wa namna hiyo yupo, tumwite M. Mimi naandika programu K yenye tabia hii: kabla ya kufanya lolote, K humwuliza M, "Je, mimi ni kirusi?" M akijibu ndiyo, K hukaa kimya wala haiambukizi kitu. M akijibu siyo, K huanza kujinakili katika programu nyingine. Basi M akisema K ni kirusi, K si kirusi. Akisema si kirusi, K ni kirusi. M amekosea katika hali zote mbili, na kwa hiyo mwamuzi asiyekosea hayupo. Hoja hii ina undugu wa karibu na ile ya Alan Turing ya mwaka 1936 juu ya maswali ambayo mashine haiwezi kuyamaliza.

Natija ya uthibitisho huu ni ya kivitendo kabisa. Madhali hakuna njia ya kuzichunguza programu zote mara moja na kuzitenga nzuri na mbaya milele, kingavirusi hailazimiki tu kuwa na orodha ya virusi vinavyojulikana. Inalazimika kusimama mlangoni wakati wote, na kukikagua kila kitu pale pale kinapofunguliwa. Na mlango huo uko mahali pa siri sana.

Mahali anapokaa mlinzi

Vichakato vya ukoo wa Intel vimekuwa na ngazi nne za mamlaka tangu miaka ya 1980, kuanzia 0 hadi 3. Mfumo wa Windows hutumia mbili tu. Programu zetu za kawaida hukaa ngazi ya 3, ambako zikikosea hufungwa peke yake na kazi nyingine zikaendelea. Kiini cha mfumo hukaa ngazi ya 0, pamoja na zile programu ndogo za kuendeshea vifaa ambazo mafundi huziita draiva. Hapa hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Draiva ikikosea vibaya, mfumo wote husimama kwa makusudi, kwa kuhofia kuharibu yaliyomo katika diski, na kioo hugeuka buluu.

Tuseme mwanafunzi anaifungua insha yake. Ombi lake halifiki katika diski moja kwa moja. Hupita katika safu ya vichujio vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila kichujio kimepewa kimo chake kwa tarakimu. Vichujio vya kukinga virusi vimetengewa vimo vya kuanzia 320000. Vile vya kusimba, yaani kuficha maandishi kwa siri, viko chini zaidi, kuanzia 140000. Mpango huu una sababu nzuri. Mlinzi sharti aione insha ikiwa wazi, kabla haijasimbwa wakati wa kuandikwa, na baada ya kusimbuliwa wakati wa kusomwa. Kama wangebadilishana nafasi, mlinzi angekuwa anakagua fumbo.

Tena mlinzi huyu hakai mlango mmoja. Huweka kichujio katika njia ya mtandao ili aone yanayoingia na kutoka. Baadhi yao huweka kichujio hata katika njia ya kibodi, ili wezi wa nywila wasiweze kusoma herufi unazobonyeza. Halafu hujiandikisha kwa mfumo kuwa yeye ndiye mkuu wa ulinzi, na hapo Microsoft Defender, ambaye ni mlinzi aliyezaliwa pamoja na Windows za leo, hujiondoa kazini kwa adabu ili walinzi wawili wasigombee faili moja.

Kila moja ya nafasi hizo ina pande mbili. Upande mmoja ni faili ya draiva iliyo katika diski. Upande wa pili ni mstari wa maandishi katika rejista ya mfumo, unaosema: katika mlango huu, asipite mtu mpaka fulani awepo. Huu ndio ufunguo wa makala yetu. Anayefuta faili amemfukuza bawabu, lakini ile amri iliyobandikwa mlangoni ameiacha. Kompyuta haina busara ya kusema, "Basi bawabu hayupo, tupite." Husoma amri na kuitii. Bawabu hayupo, kwa hiyo hapiti mtu.

Uondoaji ulio halali hufuata utaratibu wa kinyume. Kwanza hufutwa mistari katika rejista, kisha walinzi husimamishwa, na mwisho faili hufutwa. Na kwa kuwa faili ya draiva inayotumika haifutiki, mfumo huiandika katika orodha ya vitu vitakavyofutwa mara kompyuta itakapowashwa tena, kabla mlinzi hajaamka. Ndiyo maana tunaombwa kuizima na kuiwasha kompyuta baada ya kazi hiyo; si desturi tupu. Zaidi ya hayo, kingavirusi nzuri hujilinda isifutwe, kwa sababu jambo la kwanza ambalo kirusi chenye akili hujaribu kulifanya ni kumwua mlinzi. Sifa ileile tunayoisifu wakati wa vita ndiyo inayotutesa wakati wa kuagana.

Kisa cha kompyuta ya mwalimu

Mwalimu mmoja wa hisabati katika shule ya sekondari, jirani yangu, alikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Humo alikuwa ameweka alama za tathmini endelevu za wanafunzi wake kwa miaka mitatu, na zile za Kidato cha Nne zilikuwa zinatakiwa ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya wiki kwisha. Kompyuta ilikuwa na kingavirusi ambayo mwaka wake wa majaribio ulikuwa umekwisha, nayo kila asubuhi ilikuwa ikidai kulipiwa. Akaamua kuiondoa kwa njia iliyo halali. Kazi ilipofika katikati, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka, lakini kwa namna ya mgonjwa aliyetoka kitandani mapema. Alama ya mlinzi haikuonekana tena. Mtandao haukupatikana, ingawa taa ya modemu ilikuwa ikimeta. Defender alikataa kuamka, akidai kwamba ulinzi umo mikononi mwa mwingine. Na alipojaribu kuondoa mabaki, alijibiwa kwamba programu ya kuondolea haionekani, kwa sababu yenyewe ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa.

Hapa angeweza kusimama. Njia nyepesi kuliko zote ilikuwa bado wazi: kuichukua kingavirusi ileile kwa kompyuta nyingine, kuiweka tena juu ya mabaki yake ili viungo vyote virudi mahali pake, kisha kuiondoa upya tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ajabu kumshauri mtu arudishe anachotaka kukifukuza, lakini ndivyo ilivyo, na mimi hulitanguliza shauri hili mbele ya mengine yote pale mtu anapokuja kuniuliza mapema.

Mwalimu hakuuliza mapema. Mpwa wake, kijana wa Kidato cha Tano mwenye vidole vyepesi, aliiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux, na kwa kuwa Windows ilikuwa imelala, mlinzi naye alikuwa amelala. Kijana akaifuta folda yote ya kingavirusi, kisha akaingia katika folda ya draiva na kufuta faili nne zilizofanana nayo kwa jina. Kazi safi kwa kuitazama. Windows ilipowashwa tena, kioo cha kuingilia kilitokea vizuri, kipanya kilitembea, lakini kibodi haikuandika hata herufi moja.

Walijaribu kibodi mbili za kuazima, na zote zilikataa. Fundi wa mtaani akatamka hukumu zile mbili nilizokwisha kuzitaja. Kwa hukumu ya pili, alama za miaka mitatu zingefutwa pamoja na diski.

"Daktari," mwalimu aliniambia nilipofika, "mimi kompyuta siitaki tena. Nitafutie alama za vijana tu."

Kupima kabla ya kufungua

Nilimwambia kijana aizime, aiwashe, na abonyeze kitufe cha kuingilia katika mipangilio ya awali, ile inayotokea kabla ya Windows. Kibodi ilifanya kazi barabara. Mishale ilishuka na kupanda. Kisha tukaiwasha kwa flashi yake ileile ya Linux. Kibodi ikaandika tena. Msomaji ataona kwamba majaribio hayo mawili, ambayo hayakuchukua dakika tano wala kugharimu senti, yaliiondoa katika mashaka kibodi, waya, tundu lake na mazabodi yote. Kilichobaki ni Windows iliyomo katika diski, basi. Hii ndiyo mbinu tunayoifundisha maabarani, ya kubadili jambo moja na kuyaacha mengine yalivyo, na sioni kwa nini isahauliwe mtu anapotoka maabarani na kuingia sebuleni.

Tukiwa humo humo katika Linux, tulinakili alama zote katika flashi ya pili, tukazifungua mbili tatu kuhakikisha kwamba zinasomeka. Jambo hili sharti litangulie kila tengenezo. Ni kweli kwamba huenda tengenezo likafaulu bila hadhari hiyo, lakini anayeshika bisibisi kabla ya kuokoa mali ya mwenyewe anacheza kamari kwa fedha za mwingine. Yafaa pia ijulikane kwamba kompyuta nyingi za siku hizi husimba diski zao, na hizo hazitasomeka kwa Linux bila ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya mwenye kompyuta. Heri autafute leo, akiwa mzima, kuliko siku ya msiba. Kompyuta ya mwalimu haikuwa imesimbwa.

Tulirudi katika Windows. Bila kibodi, mtu huingiaje? Katika kioo cha kuingilia pana alama ndogo pembeni ya msaada kwa watu wenye ulemavu. Ukiibonyeza kwa kipanya, hutokea kibodi iliyochorwa kiooni. Mwalimu aliandika nywila yake herufi kwa herufi kwa kipanya. Katika orodha ya vifaa, kibodi ilikuwa na pembetatu ya manjano, na maelezo yalikuwa na namba ya kosa 39. Namba hiyo humaanisha kwamba draiva inayotakiwa imeharibika au haipo. Hapo ugonjwa ulikwisha kujitaja jina.

Katika rejista ya mfumo, kila aina ya kifaa ina fungu lake lenye namba ndefu. Fungu la kibodi huanza kwa 4d36e96b. Ndani yake kuna mstari uitwao UpperFilters, na ndani ya mstari huo tulikuta majina mawili, moja chini ya jingine. La kwanza lilikuwa la kichujio cha kingavirusi, ambacho faili yake kijana alikuwa ameifuta. La pili lilikuwa kbdclass, ambalo ni draiva ya Windows yenyewe. Tulitoa nakala ya fungu lote kwanza, ndipo tukalifuta jina la kwanza na kuliacha la pili. Tulipoiwasha kompyuta upya, kibodi iliandika.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu pana hatari ambayo nimeiona ikiwaangamiza watu wenye bidii. Limeenea shauri lisemalo kwamba kifaa kikigoma, UpperFilters na LowerFilters zifutwe zote. Shauri hilo lilitokana na ugonjwa wa viendeshi vya sidii, na huko ni sahihi, kwani kiendeshi cha sidii huweza kuishi bila kichujio chochote. Kwa kibodi si sahihi: ukifuta na kbdclass, umeng'oa jino zima pamoja na lile bovu. Kwa fungu la maeneo ya diski ni baya zaidi. Humo mna jina volsnap na mengineyo, na ukiyafuta, au ukiacha humo jina la kichujio ambacho faili yake haipo, Windows huweza kushindwa kuifikia diski inayowakia, na kioo cha buluu hukuonyesha namba 7B. Dawa moja, fungu tofauti, matokeo tofauti. Yule anayenakili tiba bila kuuliza ni ya ugonjwa gani atapona siku moja na kufa siku ya pili.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Watengenezaji wengi wa kingavirusi hutoa bure chombo maalumu cha kuondolea bidhaa yao iliyokwama, nacho hujua kila mahali ilipojiandikisha. Tulikipakua kwa simu, tukakihamisha kwa flashi, tukakiendesha. Kiliondoa kichujio cha mtandao, huduma tatu zilizokuwa zikitafuta faili zisizokuwapo, na ile hati ya ukuu wa ulinzi. Kompyuta ilipowaka, mtandao ulikuwapo, na Defender aliamka mwenyewe bila kuitwa.

Kijana aliuliza swali zuri. Alikuwa amesikia juu ya amri ya sfc /scannow, ambayo hukagua faili za Windows na kuzirudisha zilizoharibika. Kwa nini tusingeanza nayo? Tukaiendesha mbele yake, ikajibu kwamba haikuona kasoro yoyote. Ingejibu hivyo hivyo hata jana yake. Amri hiyo hulinganisha faili za Windows na nakala zake safi. Faili za Windows hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika maandishi ya mgeni aliyekwisha kuondoka, na mgeni huyo hayumo katika daftari la amri hiyo. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza pia kuhitaji amri ya netsh winsock reset, ambayo huunganisha upya mnyororo wa mtandao, kwani kingavirusi za zama za Windows XP zilizoea kujipachika kama pete katika mnyororo huo, na pete moja ikikatika mtandao wote hukatika.

Mlinzi anapoiangusha nyumba

Msomaji asidhani kwamba mambo haya huwapata walimu na wapwa zao tu. Tarehe 21 Aprili, 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza orodha mpya ya virusi, na orodha hiyo ikaitambua kimakosa faili ya svchost.exe ya Windows XP kuwa ni kirusi. Faili hiyo ni miongoni mwa mihimili ya mfumo. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo, na kwa kuwa mtandao nao ulikatika, dawa haikuweza kutumwa kwa njia iliyoleta sumu. Mafundi walilazimika kuiendea kompyuta moja baada ya moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, Microsoft ilipotoa marekebisho ya kasoro za vichakato zilizoitwa Meltdown na Spectre, iligundulika kwamba baadhi ya kingavirusi zilikuwa zikigusa kumbukumbu ya kiini kwa njia zisizoruhusiwa, na marekebisho hayo yangeziangusha. Ikabidi kila kingavirusi iandike kwanza alama katika rejista kuthibitisha kwamba haina tabia hiyo, ndipo kompyuta ipewe dawa.

Halafu likaja tukio la tarehe 19 Julai, 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili ndogo ya maelekezo kwa mlinzi wake anayekaa ndani ya kiini. Maelekezo yalitarajia sehemu 21 za taarifa. Mlinzi alikuwa amepewa 20. Alipoitafuta ya 21 alinyoosha mkono nje ya eneo lake la kumbukumbu, na kwa kuwa alikuwa katika ngazi ya 0, mfumo wote ukasimama. Faili hiyo iliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa hesabu ya Microsoft kompyuta kiasi cha milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka, na ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zikakwama. Tazama tiba yake: kuiwasha kompyuta katika hali salama, kuingia katika folda ya draiva, na kufuta faili moja ambayo jina lake lilianza kwa C-00000291. Faili moja tu, wala si folda nzima wala si draiva yenyewe. Na pale ambapo diski ilikuwa imesimbwa, fundi aliyekosa ule ufunguo wa tarakimu 48 alisimama mlangoni akitazama.

Apple ilikuwa imekwisha kuanza kuwatoa walinzi katika kiini cha kompyuta zake tangu mwaka 2019, na kuwaweka nje ambako wakikosea huanguka peke yao. Microsoft ilitangaza mpango wa namna hiyo mwezi Novemba, 2024. Maoni yangu ni kwamba hatua hiyo imechelewa, lakini si rahisi kama inavyosikika. Mlinzi aliye nje ya nyumba huona kidogo kuliko aliye ndani, na kirusi kikifaulu kuingia ndani ya kiini kitakuwa kimempita. Hapa wataalamu hawajakubaliana, na wanafunzi wanaosoma makala haya huenda ndio watakaoamua.

Majaribio mawili kwa darasa

Shule yenye kompyuta moja ya Windows inaweza kuyaona haya kwa macho. Mwalimu afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika fltmc. Itatokea orodha ya vichujio vyote vya faili vilivyo kazini, na mbele ya kila kimoja kimo chake. Pasipokuwa na kingavirusi ya kuongezwa, WdFilter ndiye mlinzi wa Defender, na kimo chake ni 328010. Wanafunzi waviandike vyote daftarini kwa kufuata vimo, wa juu kabisa kwanza, kisha waulizwe ni kipi kinachoiona insha kabla ya kingine pale inapohifadhiwa. Pakiwa na mlinzi wa pili, naye atatokea hapo hapo. Kuitazama orodha hakuna hatari. Ila pasiwe na mtu wa kuijaribu amri ya kushusha vichujio.

Jaribio la pili ni la kuhakikisha kwamba mlinzi yuko macho, hasa baada ya tengenezo. Ipo faili iitwayo EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, ambayo watengenezaji wa kingavirusi walikubaliana kuitendea kama kirusi ingawa haina madhara yoyote. Ukiihifadhi katika diski, mlinzi aliye kazini huinyakua mara moja. Kijana wa Kidato cha Tano aliihifadhi katika kompyuta ya mjomba wake jioni ile, na kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya, faili ilikuwa imekwisha kutoweka.